Kwa Nini Tango Hukatwa Kichwa na Kusuguliwa

Leo nimemwona mmoja wenu akikata tango vipande, akalinyunyizia chumvi, akalitia mdomoni, kisha akakunja uso na kulitupia kuku. Hata kuku hawakulitaka. Sikusema kitu kwa sababu mama yake alikuwa amesimama palepale. Lakini sasa tumeshiba, jua ni kali na hakuna anayekwenda popote, basi nyoosheni miguu niwaeleze kwa nini tango hukatwa kichwa kwanza, likasuguliwa mpaka litoe povu, ndipo likaliwa. Waliokwisha kuisikia habari hii wafumbe midomo, wasiwadokeze wenzao.

Zamani hizo tango halikuwa na uchungu. Lilikuwa tamu toka ncha hadi ncha, na tena halikuchumwa na mtu. Watu walipandisha mitango kwenye vichanja vya fito, virefu kuliko mtu mzima, matunda yakaning'inia chini kwenye kivuli. Tango lilipokomaa liliachia lenyewe, likaanguka puu! Kiangazi kilipopamba moto na kazi za shamba zikapungua, watu walitandika mikeka chini ya vichanja, wakajilaza na watoto wao kusubiri. Tango likianguka, aliye karibu nalo alilivunja akawagawia wote, yeye akala kipande cha mwisho. Aliyeangukiwa kichwani alichekwa mpaka jioni. Hakuna aliyeiona kuwa ni raha kubwa, maana ilikuwapo kila mwaka.

Mahali paitwapo Kwambeho, chini ya milima, aliishi mama mmoja jina lake Nakiete. Mumewe aliitwa Senkondo, mtu wa maneno machache na usingizi mwingi. Walikuwa na watoto watatu: binti mkubwa, Mkunde, na wadogo zake wawili, pacha wa kike ambao hawakutulia hata wakiwa wamelala. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na bustani iliyojulikana kijiji kizima. Mfereji mwembamba ulishuka kutoka mlimani ukapita katikati yake. Huku matuta ya mchicha na bamia, kule maboga yametambaa mpaka kwenye ua, pembeni mirehani inayonukia ukiigusa tu na pindo la nguo. Katikati, juu ya mfereji, kilisimama kichanja cha matango.

Kila kiangazi Nakiete aliketi chini ya kichanja kile, miguu yake ndani ya maji ya mfereji, na Mkunde akaketi mbele yake kwenye mkeka asukwe nywele. Usukaji wenyewe haukuisha upesi. Mama alisuka mistari mitatu, tango likaanguka, wakala. Akasuka mitatu mingine, pacha wakamwagiana maji, ugomvi ukaamuliwa. Senkondo alikoroma pale pembeni na kofia yake usoni. Mkunde alikua hivyo, kiangazi baada ya kiangazi, kichwa chake kwenye magoti ya mama yake.

Ukafika mwaka ambao Mkunde alichumbiwa. Kijana mwenyewe alitoka nyikani, upande wa pili wa milima, mwendo wa siku sita kwa mtu asiye na mzigo. Msije mkamhurumia Mkunde bure: alimpenda yule kijana, naye kijana alimpenda. Lakini huko kulikuwa mbali. Binti aliyeolewa nyikani aliweza kukaa miaka mingi asiuone mlango wa kwao, na wapo waliokwenda wasirudi kabisa. Wakwe walituma neno kwamba watakuja kumchukua mwishoni mwa kiangazi, mwezi ukiandama. Kwa hiyo kiangazi kile kilikuwa cha mwisho cha Mkunde kukaa kwao, na hapakuwa na mtu pale nyumbani asiyelijua hilo.

Nakiete alilijua kuliko wote. Wapo watu ambao jambo likiwauma hulia, wakapangusa macho, likapita. Nakiete yeye alishika jembe. Alikuwa amesikia kwamba huko nyikani bustani hakuna, na kwamba bibi harusi huheshimiwa kwa kile wakwe walichokiona kwao siku ya kumchukua. Akapata hofu. Mwanawe asije akafika ugenini akaonekana ametoka kwa watu wasio na kitu, akaamrishwa na kila mtu, na yeye mama yake hayupo kumtetea. Akaazimia kwamba siku wageni watakapofika watakikuta kichanja kimejaa, matango yamening'inia kama watoto wamebebwa, halipungui hata moja.

Shida ni kwamba matango hayakungoja wageni. Yalianza kukomaa mapema, na la kwanza likaanguka asubuhi moja mbele ya macho yake. Nakiete aliliokota, akaliangalia, akaona siku zilizobaki ni nyingi. Akaenda kwenye migomba, akachana nyuzi kutoka kwenye maganda makavu, akazisokota juu ya paja lake. Akapanda kwenye kinu na kuanza kufunga. Kila tango alilifunga kwenye kikonyo, fundo la kwanza na fundo la pili juu yake, kisha uzi akaukaza kwenye fito. Tango lilipotaka kuachia, lilishikwa. Halafu akafagia chini ya kichanja mpaka ardhi ikang'aa, akaweka matawi ya miiba mahali pa kuingilia.

"Hapa hapakanyagwi tena," akawaambia watu wa nyumba yake. "Wala hapaliwi kitu. Ni mpaka wageni waje."

Pacha walilia siku nzima. Senkondo alichukua kofia yake akaenda kulala nyuma ya banda la mbuzi, mahali pasipo na maji wala upepo, na kwa mara ya kwanza usingizi ukamkataa.

Mchana wa siku ya tatu Mkunde alimfuata mama yake bustanini akiwa amefumua nywele zake zote, ameshika chanuo mkononi na mkeka kwapani.

"Mama, nimekuja unisuke."

"Leo siwezi, mwanangu. Matango ya upande huu bado hayajafungwa."

"Basi nikae tu hapa, nitie miguu majini. Wewe fanya kazi yako, mimi nitakutazama."

"Utanichafulia. Ngoja wageni wakishaondoka, tutakaa hapa sote, tule mpaka tuchoke."

"Wageni wakiondoka, mama, mimi nitakuwa nimeondoka nao."

Nakiete alikuwa juu ya kinu, mikono yote miwili kichwani pa mtango. Alisikia. Msidhani hakusikia. Alisikia neno moja moja, na kila neno lilimwingia. Lakini kama angeteremka pale kwenye kinu na kumtazama binti yake usoni, alijua asingepanda tena. Akasema, "Nishikie uzi hapo chini, unateleza." Mkunde akaushika ule uzi, na mama yake akakaza fundo.

Siku zikaenda hivyo. Jua liliwaka, mfereji ukapungua ukabaki kama utepe, na Nakiete alibeba maji kwa mtungi kumwagilia shina la mtango lisife. Matango yalikomaa, yakapita kukomaa. Yalivuta kushuka, uzi ukayavuta kupanda. Kile ambacho kingekuwa utamu kiligota penye fundo, kikakaa hapo juani siku baada ya siku, kikageuka. Kwa nje hukuweza kujua. Kwa nje kichanja kilipendeza mpaka majirani wakawa wanaleta ndugu zao waje kukitazama. Nakiete aliwakaribisha, akasimama nao kando ya miiba, akapokea sifa. Usiku alilala mikono ikimuuma, na kwenye chumba cha pili alimsikia Mkunde akiwaambia pacha wasogee, akiwafunika, akiwafundisha namna ya kuwasha moto bila kumwamsha baba. Asubuhi aliamka kabla ya wote akaenda tena kubeba maji.

Mwezi ukaandama, na wageni wakafika asubuhi, watu kumi na wawili wenye mavumbi mpaka kwenye nyusi. Aliyewaongoza alikuwa shangazi wa bwana harusi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Mkunde alikuwa ndani, amefunikwa shuka mpya, maana bibi harusi hakuonekana mpaka aitwe. Wageni walinawa, wakapewa viti, wakapelekwa kukiona kichanja. Walisimama mbele yake vinywa wazi. Kwao walizoea miiba na vumbi, na huku waliona kijani kimejaa mpaka kimeelemewa. Nakiete alimwona shangazi akitikisa kichwa kwa kustaajabu, na kwa mara ya kwanza toka kiangazi kianze mabega yake yakashuka.

Akakata nyuzi kwa kisu, akaangusha matango kikapu tele, akayachanja, akaweka chumvi kwenye kigae na kuwapelekea wageni uani.

Shangazi ndiye aliyetia kipande mdomoni kwanza. Akatafuna mara moja. Akaacha kutafuna. Wenzake nao wakawa wameshatia, watu kumi na wawili mashavu yamejaa, kila mmoja akimtazama mwenzake amtangulie kutema. Kwa adabu walimeza. Mzee mmoja machozi yalimtoka. Senkondo akaonja, akageukia ukutani.

"Mwenzangu," shangazi akasema akijifuta mdomo, "hiki mmetupa chakula au mmetupa dawa?"

Hakusema kwa ubaya, lakini vijana wawili walicheka, na kile kicheko kilitosha. Nakiete aliweka kikapu chini. Akazunguka nyumba, akaruka miiba aliyoiweka mwenyewe, akaketi chini ya kichanja kwenye ardhi aliyoifagia mwezi mzima. Akavuta tango, akaling'ata. Chungu. Akavuta jingine. Chungu. Aling'ata saba, na yote saba yalikuwa vile vile. Hapo ndipo alipolia. Hakulilia matango, na aibu ya wageni ilikuwa ndogo sana ndani ya kilio kile. Alilia kwa kuwa kiangazi kilikuwa kimekwisha na hakuwa amekaa na mwanawe hata mchana mmoja.

Mkunde alimsikia kupitia dirisha la nyuma. Bibi harusi haruhusiwi kutoka, lakini alitoka, akatokea mlango wa jikoni na shuka yake mpya ikiburuta kwenye matuta ya mchicha. Akaketi mbele ya mama yake. Mkunde aliokota tango moja, akaanza kulegeza lile fundo kwa kucha, fundo la pili kisha la kwanza, mpaka uzi ukatoka na kuacha alama.

"Nilidhani nakutengenezea heshima," Nakiete akasema. "Nimekunyang'anya siku zako."

"Hata mimi nilikushikia uzi, mama."

Mkunde akachukua kisu cha kukatia nyuzi kilichoachwa pale, akakata kile kichwa cha tango kilichokuwa na alama ya fundo. Lakini alipokiona kiko peke yake mkononi kilimtia huruma. Akakirudisha pale kilipotoka, akakibana, akakizungusha taratibu kama mtu anayetaka kishike tena. Kikakataa kushika. Akazidi kuzungusha. Pale kati ya kichwa na tunda likaanza kutoka povu, jeupe, zito, likavimba pembeni na kumchuruzikia vidoleni. Alilamba kidole akakunja uso, maana uchungu wote ulikuwa umekuja kwenye lile povu. Akalipangusa, akakata kipande cha tango, akaonja. Akamlisha mama yake kile kilichobaki.

Kilikuwa kitamu. Kilikuwa kama matango ya miaka yote.

Nakiete alicheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Akachukua tango lake, akalikata kichwa, akaanza kusugua. Wakakaa hivyo wakitazamana magoti kwa magoti, wakisugua na kupangusa, rundo likikua polepole. Baadaye Senkondo akatokea pembeni ya nyumba, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mama Mkunde, wageni wanauliza. Wanasema njia ni ndefu, wanamtaka bibi harusi."

"Waambie wangoje," Nakiete akajibu.

"Wageni?"

"Ndiyo, wageni. Nimekaa na mwanangu."

Senkondo aliwatazama wote wawili. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: badala ya kwenda kusema, alitoa ile miiba njiani, akaingia, akaketi, akaomba kisu. Pacha walipoona baba ameingia hawakungoja kuitwa. Aliyekuja kuulizia tena alikuwa shangazi mwenyewe, anakuja na sauti yake tayari kooni. Alipokata kona akawaona: baba anasugua tango kwa bidii ya mtu anayechonga mpini, pacha wamelowa, bibi harusi ameketi chini na shuka yake ya harusi imejaa tope, na mama yake nyuma yake anamsuka, miguu yote iko mferejini kwenye maji kidogo yaliyobaki. Shangazi alisimama pale. Naye alikuwa binti wa watu, alichukuliwa kwao asubuhi moja mapema, hata chai ya kuagana hakumaliza. Pacha mmoja alimpelekea kipande cha tango, akakila chote.

Akarudi uani akawaambia watu wake wafungue mizigo. "Tutaondoka kesho," alisema. "Jua kali." Yule mzee aliyetokwa na machozi akauliza jua gani, mbona kuna mawingu. Shangazi akamwambia atazame vizuri.

Basi walipata mchana mmoja. Kiangazi kizima walikuwa nacho wakapata mchana mmoja, na mimi ninayewasimulia sitawadanganya kwamba ulitosha. Haukutosha. Mistari ya nywele iliisha kabla ya mazungumzo kuisha, na asubuhi Mkunde alikwenda. Nakiete alimsindikiza mpaka kwenye jiwe la mpakani, akamtia kiganjani mbegu za lile tango la kwanza walilosugua, akamtazama mpaka njia ilipopinda.

Aliporudi alikata nyuzi zote zilizosalia kwenye kichanja. Alidhani matango yataanza tena kuanguka yenyewe. Hayakuanguka. Yalikwisha kuzoea kushikilia, na mpaka leo tango hung'ang'ania kikonyo chake, usipolichuma litakaa pale mpaka lioze. Na ule uchungu uliogota penye fundo haukuondoka. Umekaa kwenye kichwa, mahali tunda lilipoungana na mmea wake, na mbegu za Nakiete na za Mkunde zimeueneza huku milimani na kule nyikani.

Na tangu siku hiyo, tango hukatwa kichwa, likasuguliwa, ndipo likaliwa. Kazi yenyewe ni ndogo. Zungusha mara tano au sita, povu limetoka lote, pangusa, kula. Lakini watazameni mama zenu kiangazi hiki, mkiwa mmeketi nao nyuma ya nyumba. Povu litaisha, nao wataendelea kusugua. Msiwaambie kwamba limeisha. Wanajua.